Muungo Usiokatika

Kule Lamèque, bandari ya wavuvi huko Kanada, mtu akitaka kusifia kitu kilichoshika barabara, iwe ndoa, iwe gundi, iwe mimba ya bibi harusi aliyeolewa harakaharaka, husema kimeshika kama muungo wa Paulin.

Muungo wenyewe ni namna ya kusuka ncha mbili za kamba mpaka ziwe kitu kimoja. Baba yake Alyre Paulin aliusuka hivyo, akamwachia Alyre, naye Alyre, kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, akamfundisha binti yake Mylène kabla hajajua hata kufunga kamba za viatu. Mwisho wa kila muungo walizungusha uzi mwekundu. Wenye wivu walisema uzi ule ni majivuno tu. Hawakukosea, lakini wenye wivu hao hao walikuja kwa Alyre kila majira ya baridi na kamba zao mabegani, wakimbembeleza.

Goti lilipomharibikia, Alyre alimkabidhi Mylène boti la familia, *Ozite*, lenye jina la bibi yao, na Mylène akawa nahodha wa kuvua kaa kama wanaume wa bandari ile, na kuwazidi baadhi yao. Yeye mzee akajiunga na kikosi cha kujitolea cha Normand Savoie, kinachotoka kwenda kuwakatia kamba nyangumi walionaswa. Akiulizwa kilichompeleka huko, alisema bahari imemlisha tangu utotoni, si vibaya naye akairudishia tonge moja.

Maana nyangumi weusi wamekwisha. Dunia nzima hawafiki mia nne, na hao waliobaki wamehamia kutafuta chakula katika Ghuba iliyo mbele ya Lamèque, palepale wavuvi wanapoteremsha madema ya chuma ya kunasia kaa. Kila dema lina kamba inayopanda kutoka chini hadi kwenye boya, na nyangumi hana macho ya kuona kamba. Kwa hiyo wavuvi wa bandari ile walikutana kwenye ukumbi wa kanisa wakakubaliana: kila kamba iwekwe kipande cheupe, dhaifu kwa makusudi, ili nyangumi akikivuta kikatike, aende zake. Wa kwanza kuinua mkono alikuwa Mylène. Wapo waliomzomea, wakamwita dada wa nyangumi.

Msimu uliofuata barafu ilizivuta kamba zake, vipande vyeupe vikakatika, madema yakabaki chini. Mylène aliinama nje ya boti na ndoano kuyatafuta, wimbi likapiga, na kama si baharia mmoja kumdaka kwa mikanda ya suruali, angekwenda moja kwa moja. Mwenyewe hakusema kitu nyumbani. Alyre alizipata habari dukani, akiwa ameshika mkate mkononi, na mkate akausahau hapohapo.

Majira ya baridi yale alijifungia katika banda lake la kamba, pale gatini. Alifungua kila kipande cheupe cha binti yake, akapitisha ndani yake kamba ngumu, akafunga kwa muungo wa Paulin na uzi mwekundu juu. Kwa nje cheupe kilibaki cheupe. Hakumwambia mtu. Hakujiona mkosaji, alijiona baba.

Jumapili moja ya mwezi wa Juni, siku ambayo *Ozite* haitoki, simu ya Normand ikalia: nyangumi amenaswa, ana mtoto. Mshika usukani wa kikosi alikuwa mgonjwa, kwa hiyo Mylène akaenda badala yake. Boti la mpira likatoka na watu watatu, Normand mbele, Alyre katikati, Mylène nyuma kwenye injini. Bahari ilikuwa imetulia, ila redio ilisema upepo wa kaskazini-mashariki uko njiani.

"Mbona kimya, baba?" Mylène akamtania. "Mchuzi wa kuku wa shangazi umekukaa vibaya?"

"Mchuzi ule haukai vibaya. Unakaa tu, hautoki."

Walimkuta, na wote wakamtambua. Alikuwa Zélica. Wavuvi walimpa jina hilo kwa sababu ya vigaga vyeupe vilivyojipanga kichwani pake kama rola za nywele za marehemu Zélica wa dukani, ambaye hakuzivua hata kwenye misa. Kamba ilikuwa imeingia upande mmoja wa mdomo, ikatokea wa pili, ikazunguka pezi, kisha ikashuka chini imekaza. Dema lilikuwa limekwama kwenye mwamba. Boya halikuwepo tena, kwa hiyo hakuna aliyejua kamba ni ya nani. Ilikuwa imekula ngozi mpaka nyama nyeupe ikaonekana. Mtoto wake alimzunguka, akijisugua kwake.

Normand akasimama na upondo mrefu wenye kisu. Kisha akaushusha, akacheka kwa sauti.

"Kipande cheupe! Kile pale, karibu na pezi! Jamani, tumepona. Akivuta kwa nguvu mara moja tu, anaachiwa. Mylène, rudi nyuma, tusimtishe. Tumwache ajinasue mwenyewe."

"Si niliwaambia ukumbini?" Mylène alikuwa akitabasamu mpaka masikioni. "Dada wa nyangumi, eh? Kesho ni zamu yangu kucheka."

Zélica akajigeuza, pezi likainuka majini, na Alyre akauona uzi mwekundu. Kwa muda mfupi, na aibu ile hakuwahi kuisahau, alifikiria kunyamaza.

"Haikatiki," akasema.

"Nini, mzee?"

"Kamba hiyo haikatiki. Msogelee, Normand. Kata sasa hivi kabla ya upepo."

"Lakini kuna kipande—"

"Nimekitia kiini! Ndani nimepitisha kamba nzima. Kazi yangu hiyo. Kamba ya Mylène."

Mylène hakumtazama baba yake; aliutazama ule uzi.

"Umenifanyia nini, baba?"

"Nilitaka uwe unarudi nyumbani, mwanangu."

"Kwani nilikuwa nalala wapi?"

Walisogea. Mara ya kwanza kisu kiligusa kamba kikateleza. Mara ya pili upepo ulikuwa umekwisha fika, mawimbi yakiwarusha, na Zélica, asiyejua nani mwema na nani mbaya, akapiga mkia. Maji yalijaa nusu ya boti, upondo ukamtoka Normand mikononi ukazama.

"Basi," Normand akasema, akihema. "Tunarudi nyuma."

"Kuna kisu kingine. Nipe mimi. Normand, ndugu yangu, nakuomba, nipe mimi."

"Kaa chini, mzee. Nina watu humu, na wote wanangojwa nyumbani. Kaa chini nisije nikakukalisha."

Alyre akakaa. Hapakuwa na la kufanya ila kutazama, nao wakatazama. Zélica akajivuta nyuma, akakusanya mwili wake wote ule, akavuta. Kamba ikatoka majini imenyooka, ikitiririsha maji, na kipande cheupe kikaonekana wazi katikati.

"Katika," Alyre akainong'oneza kamba. "Katika, mbwa wee."

Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuacha kazi nusu, sasa alimwomba Mungu iwe kwamba siku aliyousuka muungo ule alikuwa mvivu, alikuwa mlevi, aliruka uzi mmoja. Lakini aliikumbuka siku ile. Alikuwa ameona uzi mmoja umelala upande, akafumua muungo wote, akausuka upya. Hakuna ambaye angeliona kosa lile isipokuwa yeye.

Muungo ulishika. Nyangumi akapumua kwa kishindo, akavuta tena, na ukashika. Mara ya tatu alivuta kidogo tu, kama mtu anayejaribu mlango anaojua umefungwa. Kisha ukungu ukashuka. Normand akaita kwenye redio, akaambiwa chombo kingine kitakuja upepo ukitulia. Wote watatu waliujua upepo ule, hautulii upesi. Wakamwacha pale alipofungwa. Mtoto wake bado alikuwa akimzunguka.

"Zilizobaki majini ni zote hivyo?" Mylène akauliza njiani.

"Zote."

Na kwa upepo ule hakuna boti ambalo lingetoka kwenda kuzitoa.

Gatini Mylène akaingia bandani akatoka na kamba moja ya akiba, nayo ina kipande cheupe, akafunga ncha moja kwenye nguzo ya gati na nyingine kwenye pikapu yake. Akawasha gari, akakanyaga mafuta. Kamba ikakaza, ikaanza kulia. Matairi yakazunguka palepale, yakatoa moshi. Alyre alisimama pembeni midomo ikimcheza, akiibembeleza kamba ikatike. Watu wakatoka kantini ya bandarini kuangalia. Mylène akarudi nyuma kidogo, akavuta tena kwa nguvu, na kitu kikapasuka.

Ilikuwa bampa. Iling'oka nzima ikaburuzwa kwenye saruji, kamba ingali imeikumbatia, kipande cheupe hakina hata mkwaruzo.

Mzee Thaddée, aliyekuwa amekalia kreti mlangoni mwa kantini na asiyejua habari yoyote, akapiga makofi.

"Paulin hiyo!" akapaza sauti kwa furaha. "Alyre, Mungu aibariki mikono yako! Hakuna wa kukata hiyo, hata nyangumi!"

Wengine wakacheka, wakaanza kupiga makofi nao. Mylène alikuwa ndani ya gari, kichwa kimelala juu ya usukani. Alyre alichutama, na goti lake lile bovu, akaanza kuufungua muungo kwa kucha, na hadi makofi yanakwisha hata uzi mwekundu ulikuwa haujalegea.