Neno Lisilo na Ndugu

Kwenye kituo chetu cha televisheni walimwita Kamusi, naye hakukataa. Ndiye dada msomaji wa taarifa ya saa saba mchana, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuwatoa walimu machozi ya furaha. Wengine wakisema picha, yeye anasema taswira. Wengine wana pesa, yeye ana fedha. Pendekezo kwake ni rai, na pambano la mpira ni mchuano. Chama cha walimu wa lugha kilimpa ngao kwa kukitunza Kiswahili, akaipokea kwa mikono miwili, akarudi kukaa bila kuhutubia.

Mimi naendesha prompta, kile kioo mbele ya kamera kinachompandishia msomaji maneno. Kazi yangu ni kidole gumba na gurudumu dogo. Akisoma haraka napandisha haraka, akivuta pumzi natulia. Kituo kizima kinaniita Shangazi, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu ya umri wangu na kwa sababu mdomo wangu hauna breki. Lakini lipo jambo moja ambalo nililifungia mdomo huu miaka mingi. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata ndiye mimi.

Kamusi alikuwa na kigugumizi. Si cha maneno yote. Adui yake alikuwa herufi moja tu, P. Ikikaa mwanzoni mwa neno, midomo inagandana, shingo inakaza, hakitoki kitu. Kwa hiyo alijifunza tangu utotoni kulikwepa neno kabla hajalifikia na kutokea upande wa pili na neno jingine. Watu walidhani ana hazina ya lugha. Kumbe mwenzao alikuwa anapita vichochoroni.

Nilimgundua mapema, kwa kuona maneno anayoyakata kwenye karatasi zake kabla ya kwenda hewani, yote ya herufi ileile. Nilianza tu kuyabadilisha mwenyewe kwenye mashine kabla hajakaa. Polisi nikaandika askari. Petroli nikaandika mafuta ya magari. Siku ya kwanza alipoona, alinitazama juu ya kioo, akashusha kope, akaendelea kusoma, na mkataba wetu ukawa umetiwa saini. Tulikwama mara moja tu, kwenye habari ya punda aliyeingia benki. Nilitafuta jina jingine la punda ambalo watu wangelielewa, nikakosa. Mwisho nikaandika "mnyama mstahimilivu wa mizigo", naye akalisoma bila kupepesa macho. Wiki nzima wapiga kamera wakawa wanaitana hivyo.

Lakini lipo neno ambalo halina ndugu. Mtu akijikwaa, pole. Akichoka, pole. Akifiwa, akifukuzwa kazi, akijikata na kisu jikoni, pole. Ni neno dogo, na halina wa kulishikia nafasi. Mpambaji wetu, yule anayewapaka poda wasomaji, aliwahi kubanwa kidole na mlango. Sote tukasema pole. Kamusi akamshika mkono, akampulizia kidole.

"Huyu ana maringo," mpambaji aliniambia baadaye. "Pole tu inamshinda."

Alisema kweli, bila kujua.

Na mume wangu alipofariki, Kamusi alikuja nyumbani, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Makiwa, Shangazi." Neno la mabibi hilo, la kumwambia aliyefiwa tu. Wifi yangu akaninong'oneza, "Huyu kalelewa na bibi yake au vipi?" Kamusi akakunja mikono ya gauni, akaenda uani, akaosha masufuria ya msiba hadi jua likazama. Nilimwelewa vizuri sana. Lakini kuelewa ni kitu kimoja na kusikia ni kingine, na neno lile nililitamani kutoka kwake kuliko kwa wote waliolisema.

Jumamosi zake alizimalizia kwenye ukumbi ulio nyuma ya maktaba, pamoja na watoto wenye kigugumizi na wazazi wao. Ilianza kwa habari moja aliyoisoma kuwahusu, ikawa mbili, mwisho akawa anagonga milango ya wakubwa wa elimu. Alitaka mtoto wa namna hiyo aongezewe muda katika mtihani wa kusoma kwa sauti, na asisimamishwe mbele ya darasa kuwa kichekesho. Pale ukumbini kulikuwa na sheria moja: hakuna kummalizia mwenzako neno. Hata kama unalijua. Hata kama linakuwasha ulimini. Mimi nilikwenda siku moja, nikatolewa nje mara mbili.

Hata huko alijificha. Aliwasemea watoto kwa sauti yake ya saa saba, isiyo na kokoto hata moja, nao wakaamini amezaliwa hivyo. Kati yao alikuwepo binti wa fundi viatu, mwenye macho makubwa na kimya kirefu. Mwalimu wake alimsimamisha mbele ya darasa hadi amalize aya, darasa likacheka, na tangu hapo hakufungua tena mdomo nje ya nyumba yao. Baba ndiye aliyemsemea kila mahali. Jumamosi moja mama mmoja akamwambia yule binti, kwa nia njema kabisa, "Jitahidi, na wewe utakuja kuongea kama huyu dada wa televisheni."

Kamusi alinisimulia hayo kwenye ngazi za studio, akilia waziwazi.

"Namdanganya, Shangazi," alisema. "Anajipima na kitu ambacho hakipo."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza sisi wawili kulizungumza. Nilimpa leso yangu, nikaketi naye pale ngazini.

Akatengeneza makala. Akawarekodi watoto watatu, wakakwama, wakanyanyuka, wakasema yao. Makala iliporudi kutoka chumba cha kukatia picha, watoto wote walikuwa wanazungumza kama chiriku. Mhariri wetu mkuu si mtu mbaya, ila anaogopa ukimya kuliko njaa. Alikuwa ameagiza kila kigugumizi kikatwe. Ikawa makala ya kigugumizi ambayo hakuna hata mmoja anayegugumia.

"Nimewasitiri," alisema Mhariri.

"Umewafuta," Kamusi akamjibu. "Nipe mtoto mmoja, moja kwa moja hewani."

"Na akikwama?"

"Tutamngoja."

"Hewani hakuna kungoja. Ukinyamaza kidogo tu, mtu kashika rimoti." Mhariri akavua miwani, akaipangusa na tai. "Haya, fanya. Lakini pakiharibika, kiti cha saa saba nampa mwingine, na wewe utasoma hali ya hewa."

Kiti kile ndicho alichokiota tangu shuleni, alipokuwa akijifungia chooni kusoma magazeti kwa sauti. Akasema sawa.

Siku yenyewe, mwandishi wa zamu alikuwa ameandika kwenye maelezo ya msomaji, "Pole sana kwa yaliyokupata." Kidole changu kikafanya kazi yake ya kila siku. Nikafuta, nikaandika, "Tumeyasikia machungu yako."

Binti wa fundi viatu, aliyekubali mwenyewe kwa kichwa alipoulizwa, akakaa kwenye kiti cha wageni, miguu haifiki chini. Baba yake alikaa kando yake, shati limepigwa pasi hadi linang'aa. Kamusi akamuuliza binti angependa watu wajue nini.

"N-n-n..." Kidevu kikamtetemeka.

"Anataka kusema kwamba..." baba akaanza, kwa mazoea ya upendo.

Kamusi akainua kiganja, taratibu, na baba akanyamaza. Lakini binti naye akafumba mdomo, akainamia viatu vyake.

Kwenye vipokea sauti vyangu nikamsikia Mhariri kutoka chumba cha kuongozea. "Nenda matangazo. Kamusi, matangazo, sasa hivi." Kamusi alimsikia pia, maana alikuwa na kidude chake sikioni. Akakichomoa, akakiweka mezani kando ya glasi ya maji. Akasoma kioo changu: Tumeyasikia machungu yako. Akaniangalia mimi. Kisha akamgeukia mtoto.

"P," alisema.

Nikajua anakokwenda.

"P... p..." Midomo imegandana, mishipa imemsimama shingoni, na nchi nzima inatazama. Hapo mkono wangu ukanitoroka. Miaka yote ulizoea kumfungulia kichochoro, na kabla sijafikiri ulikuwa umeshaandika kwenye kioo, kwa herufi kubwa: MAKIWA.

Kwa mtoto mzima wa afya, mbele ya baba yake. Kamusi akaliona. Katikati ya kukwama kwake akacheka kicheko cha puani, akanitikisia kichwa kidogo: hapana, Shangazi. Nikafuta. Nikaacha kioo cheusi, nikaikalia mikono yangu yote miwili, nikangoja kama watu wengine.

"P-p-pole," alisema. "Pole sana, mdogo wangu."

Binti akainua macho. Alimtazama mdomoni, kama mtu anayekagua kama kitu ni halisi au cha bandia.

"Na w-w-wewe?"

"Na mimi. Tangu nikiwa mdogo kuliko wewe."

"M-m-mbona hu... hukusema?"

"Niliona haya."

Binti akalifikiria hilo. Halafu akaanza kuzungumza, kwa mwendo wake, akikwama na kunyanyuka, na hakuna aliyegusa neno lake hata moja. Alisema angependa mwalimu ajue kwamba aya ile alikuwa anaijua yote. Alisema alimsomea paka wao nyumbani, mwanzo hadi mwisho, na paka hakucheka. Muda wote uliobaki ukaisha hivyo. Habari za michezo zilikufa siku hiyo, na baba wa binti alilia bila hata kujifuta.

Mhariri akashuka studio mwenyewe. Sijui alikuwa ameandaa maneno gani huko ngazini. Alipofika alimkuta binti amepanda kiti cha msomaji, anakizungusha. Akasimama mlangoni.

"Simu zote za juu zinaita," alisema. Kisha akamwambia Kamusi, "Kesho saa saba usichelewe," akaenda kumtafutia mtoto soda.

Kiti Kamusi anacho hadi leo, na mimi sibadilishi tena maneno. Polisi ni polisi, na punda akiingia benki tena tutamtaja kwa jina lake. Kuna watazamaji wanaolalamika kwamba anawachelewesha chakula. Waache walalamike, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ila siku ile haikuishia pale. Wageni walipoondoka na taa kubwa zikazimwa, nilibaki nakunja nyaya zangu. Kamusi akaja akasimama upande wangu wa kioo, ambako wasomaji huwa hawafiki. Akanishika mikono yote miwili, kama alivyonishika msibani.

"P," akaanza.

Nililijua neno hilo, na nililijua hata litakalofuata. Liliniwasha ulimini. Nikaubana mdomo wangu usio na breki kwa meno. Alikwama muda mrefu kuliko alivyokwama hewani, macho yake kwenye macho yangu, na sikumsaidia.

"Pole kwa msiba wa mzee, Shangazi."

Kaburi la mume wangu lilikuwa limeshaota nyasi, na mimi nilikuwa nimeshazoea kupika chakula cha mtu mmoja.

"Nimeshapoa, mwanangu," nikamjibu, kama watu wanavyojibu, nikalia kama niliyefiwa asubuhi ile.