Mti Usiotoa Maua

"Leo mti huu unang'olewa, Mama. Miaka minne bila hata ua moja, tumevumilia vya kutosha."

"Ung'oe basi," mama mkwe akajibu, macho kwenye maharage aliyokuwa akichambua. "Nyumba ni yako, mti ni mgeni."

"Mgeni huyo ameziba dirisha la jikoni."

"Mbona mimi mgeni mwenzake hujaning'oa?"

Mtunza bustani niliyemwita kwa kazi hiyo alicheka, akaona uso wangu, akakohoa.

Mti wenyewe hauzidi kimo cha mlango. Mama mkwe aliuleta ukiwa mche ndani ya kopo, kutoka porini nyuma ya nyumba yake, siku tulipomhamishia kwetu. Aliacha vyote, akaja na sanduku moja na kopo hilo. Mimi nikawaambia majirani kwamba bibi ametuletea kuni. Na jana nilimwambia mume wangu kuwa mti wa mama yake umekufa.

Mtunza bustani hakushika jembe. Alivuta tawi, akaikagua ncha.

"Nani anaupogoa?"

"Mimi," nikajibu. "Kila mwezi, ili uwe na umbo."

"Huu hutoa maua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa. Umekuwa ukikata vitumba vya maua, mama. Mti ni mzima, ila hujaupa nafasi."

Sikutaka kumtazama mama mkwe, nikamtazama.

"Ulijua?"

"Nilikuambia mwaka wa kwanza. Ukasema, 'Mama, aliyesoma hapa ni mimi.'"

Kweli nilisema, tena mbele ya wageni, na wakacheka. Diploma yangu ni ya ugavi. Haijanifundisha kupanda hata mchicha.

"Yameisha, mwanangu," akasema taratibu, akasukuma sinia kando ili nikae.

Angenitukana ningepumua. Sikukaa. Nilitoa simu, nikampigia mume wangu, nikaweka spika.

"Mti wa mama haujafa. Mimi ndiye niliyekuwa nikikata vitumba vyake. Mama alinionya, nikamdharau. Jana nilikudanganya."

"Mama yupo hapo?" akauliza.

"Yupo. Anasikia."

Nikamwachia mama mkwe simu mkononi, nikamwambia mtunza bustani arudishe jembe lake kwenye baiskeli. Nikafungua geti, nikaenda kugonga kwa jirani wa kwanza, yule aliyecheka zaidi habari ya kuni.