Ng'ombe wa Kwenye Kompyuta

Mwaka tisini na saba, mtaa wetu wa Kamunyonge, Musoma, wote tulijua kompyuta moja, ya ofisi ya kupiga chapa alikofanya kazi Danford. Jumapili tajiri wake alimwachia ufunguo, naye akaanza kutengeneza gemu: unaswaga ng'ombe kutoka Bunda mpaka Musoma, wezi wasikupate.

Kosa la kutangaza ni langu. Banda langu la chai linatazamana na ofisi hiyo, na kwangu jambo tamu halilali tumboni. Watu wakaja kumpa maoni. Kwetu mtu hasemagi "ng'ombe" tu. Anasema yupi, rangi gani, mama yake nani. Danford, kwa heshima, akawa anaandika yote kwenye daftari. Wao wakaelewa kwamba ng'ombe akishaandikwa, ameingia kwenye gemu.

Jumapili ya kuonyesha, watu wakajaa mpaka dirishani. Mzee Keraryo alitoka Buhemba tangu alfajiri. Ng'ombe wake waliporwa wote, hakubaki hata ndama. Alikuja kumwona dume wake aliyeandikwa daftarini, mwekundu mwenye baka jeupe usoni.

Kabla hajawasha, Danford alinivuta pembeni. "Dada Bhoke, umewaambia nini hawa? Nina vidoti vinne tu, na vyenyewe havijafika hata nusu ya njia."

"Si ungewaambia mapema?"

"Niliona aibu."

Akawasha. Vidoti vyeupe vikatambaa kwenye kioo cheusi.

"Hao ng'ombe au chawa?" Wegesa, muuza dagaa, akapaza sauti. Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Wangu yupi, mwanangu?"

Danford angenyoosha kidole popote, mzee angeamini. Niliomba kimoyomoyo amdanganye.

"Hayupo, baba. Mashine hii haina rangi, na sijui nitamaliza lini. Ilinipasa nikwambie siku ile ile."

"Lakini ulimwandika."

"Nilimwandika. Nisamehe."

Mzee akaweka kiganja juu ya kioo.

"Hata wezi wale hawakuniahidi kitu," akasema. Akatoka.

Hakuna aliyecheka tena. Danford akazima mashine. Nje watu bado walikuwa wanasukumana: "Dada Bhoke, na sisi! Wako wangapi?"

Nikasimama mlangoni. "Hakuna ng'ombe. Ni vidoti tu, bado anatengeneza. Rudini nyumbani."

"Aa, huyu leo anatuficha!" Wakanipita, wakaingia kuwatafuta ng'ombe wao.