Kakao Kwenye Kiyoyozi

Tulinagwe alikuwa amechutama kando ya kichanja cha kakao, daftari gotini, akimsubiri mama yake afunge ngumi. Mama, Atupele, hakuwa na haraka hata kidogo. Alichota punje kiganjani, akazisogeza sikioni, akaziminya taratibu huku macho yameelekea kwenye migomba. Punje zilizokauka hulia kwa mlio mdogo. Hizi hazikulia.

"Bado," akasema, akazirudisha kichanjani.

Tulinagwe akaandika *bado* kwenye safu ya kushoto. Safu ya kulia ilikuwa ya namba, na namba ilitoka kwa Bibi.

Bibi ni roboti. Walimwita hivyo kwa sababu alikwenda ameinama. Magurudumu yake yalikuwa vifuniko vya makopo ya rangi vilivyozungushiwa mpira wa baiskeli, na reki yake ilikuwa ya spoku. Kipimo cha unyevu kilikaa ndani ya kizibo cha chupa kilichotobolewa, kikining'inia karibu na punje. Kazi yake ilikuwa moja: kutembea juu ya kingo za trei, kupima unyevu, na kugeuza kakao mpaka ikauke.

"Themanini na sita," Tulinagwe akasoma, akaandika.

Miezi minne walifanya hivyo kila asubuhi na kila jioni, sikio la mama upande huu na namba upande ule, mpaka wakajua kwamba namba ikishuka chini ya sitini, mama naye husema tayari. Ndivyo walivyomfundisha Bibi. Juu ya sitini, geuza. Chini ya sitini, simama na uwashe taa ya kijani.

"Kasha litarudi nanyi leo?" mama akauliza.

"Tukishinda."

"Mimi nimeuliza litarudi?"

Tulinagwe alifunga daftari. Alikuwa ameshaamka mara tatu usiku kwa ajili ya swali hilohilo. Kasha lenyewe lilikuwa la plastiki, la bluu, limejaa mota, nyaya, betri na vipimo. Mradi wa Chipukizi Wabunifu uliziazima shule kadhaa za Kyela, kila shule kasha moja. Leo shule zingeshindana mjini. Itakayoshinda ingekwenda Mbeya na kubaki na kasha lake mwaka mwingine. Zilizobaki zingekabidhi makasha yao leoleo. Na bila kasha hakuna klabu ya roboti shuleni kwao, kwa sababu mkuu wa shule alishasema kwamba chumba chao kinahitajika kwa madawati mabovu.

Waliondoka kijijini kwao Ipyana kwa boda mbili. Mwalimu Jubilate, wa fizikia, alipanda na kasha. Tulinagwe na Ambwene, mwenzake wa kidato cha tatu, walibanana kwenye ya pili, yeye amempakata Bibi, Ambwene amekumbatia trei ya kakao mbichimbichi iliyofunikwa kwa majani ya mgomba. Ilinuka siki. Mwenye boda alilalamikia harufu, akalalamikia bei ya petroli, kisha akalalamikia matope, na yote matatu aliyasema kama makosa ya Ambwene.

"Usiitikise, oya," Ambwene akamwambia. "Hiyo siyo mihogo."

Saa moja na nusu walikuwa mlangoni mwa ukumbi. Ulikuwa ukumbi mpya wa kukodi, wenye vigae vyeupe na viyoyozi viwili vilivyokuwa vinanguruma. Mratibu wa mradi, Bwana Israeli, alikaa mezani amevaa koti la suti. Katika mji ule wa joto, mwezi ule wa Aprili, koti la suti lilitosha kukuambia mtu anashinda wapi.

Tulinagwe akapiga goti kidogo, kama alivyolelewa. "Shikamoo."

"Marahaba. Fomu."

Akaipitia, akafika ukurasa wa pili, akasimamisha kidole. "Hapa hapana muhuri wa shule."

"Uko ukurasa wa kwanza, mheshimiwa," Mwalimu Jubilate akasema.

"Kila ukurasa unataka muhuri. Nyie ni wa pili kuonyesha kazi, sasa mtakuwa wa mwisho. Kalete."

Mwalimu Jubilate alimtazama, akatazama saa, akatoka mbio kuita boda. Ipyana na kurudi, kwa ajili ya duara moja la wino. Mkuu wa shule hakuwepo shuleni, alikuwa mazishini, na muhuri ulikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwake. Mwalimu aliufuata hukohuko, akarudi saa sita kasoro na fomu iliyogongwa muhuri, shati limeganda mgongoni.

Kanuni ilitaka vifaa vyote vikae ndani, mezani, na wanafunzi wakae kwenye viti vyao. Kwa hiyo trei ilikaa chini ya kiyoyozi kwa saa tano nzima. Jani la mgomba lilitolewa, kwa sababu mhudumu alisema linachafua. Tulinagwe alikaa, akasimama, akakaa. Alikwenda chooni mara mbili bila haja. Mikono ilishikwa na baridi, naye hakuwahi kusikia baridi ya namna ile Kyela. Alijua kuna jambo haliko sawa ila hakulijua ni lipi, na hilo lilimchosha kuliko kungoja kwenyewe.

"Acha kutikisa mguu," Ambwene akamnong'oneza. "Unanipa presha."

"Kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Kuna kitu."

Mwaka jana Ambwene huyuhuyu asingemwachia hata bisibisi. Alisema wasichana waandike ripoti. Tulinagwe alikaa pembeni wiki tatu, akiandika ripoti, mpaka siku Bibi alipokuwa anazunguka tu kama kuku aliyekatwa kichwa, naye akasema mota mbili zimefungwa kinyume. Tangu hapo bisibisi ilikuwa ya wote. Na nyumbani mama, aliyezoea kumwambia aache michezo ya waya akateke maji, sasa alikuwa anauliza kabla ya kufunga ngumi: namba inasemaje? Tulinagwe alilipenda swali hilo mno. Hakumwambia mtu.

Shule ya kulipia ya mjini ilionyesha kigari kilichofuata utepe mweusi juu ya vigae. Kilikwenda, kikakata kona, kikarudi. Kilikuwa kizuri, hakuna wa kukikataa. Waamuzi walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza kinafanya kazi gani.

Zamu yao ilifika saa saba kasoro, na waamuzi walikuwa wameshaanza kutazama mlango wa chakula. Ambwene akamweka Bibi kwenye kingo za trei. Tulinagwe akaeleza: huyu anapima unyevu, anajua kakao haijakauka, anaigeuza mwenyewe ili isiote ukungu mama akiwa shambani. Akabonyeza swichi.

Bibi akateremsha kipimo chake. Kioo kikaandika 47. Taa ya kijani ikawaka. Bibi akasimama.

Walingoja. Mmoja wa waamuzi akakohoa.

"Ndiyo hivyo?" Bwana Israeli akauliza.

Ambwene akazima, akawasha. Arobaini na saba. Kijani. Akakagua waya, akakagua betri, vidole vikiteleza. Tulinagwe hakugusa kitu. Alikuwa anaitazama ile namba. Nyumbani kwao arobaini na saba haikuwahi kutokea, hata kakao ikiwa tayari. Akainua macho kwenye kiyoyozi, na kile kitu kilichomsumbua tangu asubuhi kikamjia chote kwa mara moja. Ni kosa lao wenyewe. Walimfundisha Bibi hewa ya kwao, hewa inayolowesha chumvi kwenye kopo, wakadhani hewa yote duniani ni hiyo. Bibi alikuwa anapima hewa ya ukumbi, siyo kakao.

"Naomba mzime kiyoyozi," akasema.

Bwana Israeli akacheka kidogo. "Nini?"

"Kinakausha hewa. Bibi anadhani kakao imekauka. Kizimwe, tufungue madirisha dakika kumi, mtaona ataanza. Au tutoke naye barazani."

"Binti, hapa waamuzi wamekaa tangu asubuhi. Unataka wapikwe?"

"Dakika kumi tu, mheshimiwa." Mwalimu Jubilate alikuwa amesimama sasa. "Alichosema mtoto ni sahihi kabisa. Ni fizikia."

"Mwalimu, roboti inayofanya kazi inafanya kazi popote. Ile ya wenzenu imegoma?"

Tulinagwe akachota punje kiganjani. Akamwendea Bwana Israeli mpaka mezani, akamnyooshea mkono, na safari hii hakupiga goti, wala hakutazama chini. "Shika, minya karibu na sikio. Kama imekauka utasikia inalia."

Bwana Israeli alizitazama zile punje zenye utelezi, akautazama mkono wake wenye saa. "Alama ni za roboti," akasema. "Siyo za kakao. Asanteni, mkakae."

Matokeo yalisomwa kabla ya chakula. Kigari cha utepe kilikwenda Mbeya. Waliobaki wakatakiwa kukabidhi makasha, kila kifaa mahali pake, kabla ya saa tisa.

Mota za Bibi zilikuwa za kasha. Kwa hiyo ilibidi wamfungue. Walimtoa barazani pamoja na trei yake, na kabla Ambwene hajatia bisibisi, Tulinagwe akamshika mkono.

"Subiri kidogo."

Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa ziwani na hewa ilikuwa nzito, ya kubana kifua. Akawasha. 51. Kijani. Wakachutama wote wawili, Mwalimu Jubilate nyuma yao. 55. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya kakao kichwani akasimama. 58. Madereva wawili wa boda wakasogea, mmoja akauliza hicho kidude ni cha kuulia panya. 62. Taa ya kijani ikazimika. Bibi akateremsha reki yake ya spoku, akaanza kutembea ameinama, akigeuza punje mstari kwa mstari, mpaka mwisho wa trei, akageuka, akarudi.

"Hee, ndaga," yule mama akashukuru kwa Kinyakyusa kwa sauti ya chini, kana kwamba Bibi ndiye aliyemtua ndoo. Akachota punje mbili tatu, akaziminya sikioni. "Yuko sahihi. Bado hizi."

Msichana wa shule iliyoshinda, jina lake Nancy, alikuwa ametoka na sahani ya pilau. Alitazama muda mrefu, kijiko hewani. "Kumbe ilikuwa inafanya kazi."

"Muda wote," Ambwene akasema.

"Sasa mbona hamkuwaambia?"

Ambwene akaelekeza bisibisi kwenye mlango wa ukumbi. Nancy akaelewa, akatazama sahani yake, akaona aibu isiyokuwa yake. Ndani waamuzi walikuwa wanakula, madirisha yamefungwa.

Walimfungua Bibi kuanzia magurudumu. Tulinagwe alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na hakuficha. Ambwene alipanga mota kwenye kasha moja baada ya nyingine, akavifuta vumbi vipimo kwa pindo la shati. Mwisho ukabaki mfupa wa mbao, vifuniko vya rangi na spoku.

Stoo ilikuwa nyuma ya ukumbi. Bwana Israeli alifungua mlango, na Tulinagwe akaona makasha mengine ya bluu, kama manane, yamepandana hadi dirishani. Yalikuwa na tarehe ya mwaka juzi, na vumbi la mwaka juzi pia.

"Haya ya nani?" akauliza.

"Ya mradi."

"Hayaendi shule nyingine?"

"Yanasubiri utaratibu. Weka hapo." Akampa fomu na kalamu. "Kiongozi wa timu ajaze, wote mtie sahihi. Pale chini, faida tatu mlizopata kwa kushiriki. Andika ushirikiano, kujiamini, ubunifu. Wenzenu wote wameandika hivyo. Ripoti inakwenda kwa wafadhili kesho."

Tulinagwe akaegemeza fomu juu ya kasha. Mistari ilikuwa mitatu, mifupi, ya nukta. Alifikiri juu ya bisibisi, na swali la mama, na daftari lenye safu mbili. Hayo hakutaka kumpa mtu huyu ayapeleke popote. Akaandika polepole, kwa mwandiko uliovuka mistari yote mitatu:

*Tumejifunza kwamba ukumbi wa waamuzi ni mkavu kuliko kakao yetu. Kosa letu tumelijua na tunaweza kulirekebisha. Vifaa vya kulirekebisha viko stoo.*

Bwana Israeli akasoma, midomo ikichezacheza. "Hii siyo faida. Chukua fomu nyingine."

"Ndiyo tuliyoipata."

"Bila fomu sahihi hakuna cheti cha ushiriki. Si chako tu, hata cha mwenzako."

Tulinagwe akamgeukia Ambwene. Alijua anavyokitaka kile cheti. Babake alishaandaa msumari ukutani, na ametangazia kijiji kizima. Ambwene akasoma maneno yale mara mbili, akakuna kichwa, akamtazama Mwalimu Jubilate, ambaye alikuwa anatazama mlima wa makasha na wala hakugeuka kumsaidia.

"Kalamu," Ambwene akasema. Akatia sahihi.

Mwalimu naye akasogea, akatia yake, akiminya kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Bwana Israeli akaichukua. Aliinua rundo la fomu za wengine, akaisukumiza ile chini kabisa.

Tulinagwe akanyoosha mkono, akaichomoa, akaiweka juu. Kisha akaibeba fremu tupu ya Bibi kwapani, akatoka nje kwenye joto.