Theluji ya Sadala

Nasema wazi: kosa ni langu, ingawa ujinga tuligawana kijiji kizima.

Mwaka wa arobaini na mbili jeshi la Mwingereza lilitupeleka milima ya Lebanoni kujenga barabara. Asubuhi moja tukaamka nchi yote imefunikwa na theluji. Mimi ni mkata mikoko wa Kiongoroni. Baridi niliyoijua ni ya kusimama topeni, maji kiunoni. Hii iliingia mpaka kwenye meno. Akatokea Mwarabu mpiga picha, kamera kaificha ndani ya koti kama kichanga, maana ikipoa, alisema, inagoma. Akipumua karibu na kioo, kioo kinaingia ukungu. Vidole vimemfa ganzi. Picha moja ilimchukua robo saa.

Wenzangu walisimama, vichwa wameinamisha kwa upepo. Mimi na kiherehere changu nikalala chali, nikataka wanifukie theluji mpaka kidevuni. Weupe ule uliniumiza macho, nikayafumba. Nilitaka Sikudhani, mke wangu, acheke.

Kuandika sijui, na karani aliyetuandikia barua alikuwa hoi kwa homa. Haraka haraka haina baraka, lakini nani alinishika? Nikatia picha peke yake, bila neno, kwenye bahasha, ikaenda Kibiti, dukani kwa Dhanji, ambako barua zetu hushukia.

Kwetu maiti huoshwa, hutiwa pamba, huvishwa sanda. Theluji hakuna aliyewahi kuiona. Picha ikafika: Sadala kalala, macho kafumba, pamba mwili mzima, askari wamemwinamia. Wakanisomea hitima. Sikudhani akakaa eda miezi minne na siku kumi, kisha akaolewa na Kondo, mdogo wangu. Nami kule nangoja majibu, namlaani kwamba kanisahau, na kwa kiburi sikuandikisha barua nyingine.

Vita vilipokwisha nilirudi. Dhanji aliponiona mlangoni alirudi nyuma mpaka akagonga rafu, ndipo akanieleza yote. Nikaenda Kiongoroni moja kwa moja kwa Mwalimu Abdulkarimu, anayetuamulia mambo ya ndoa.

"Mume yu hai, mke ni wake," akasema. "Kondo atatoka."

Kondo hakubisha. Nilifurahi, sitadanganya.

Nikamweleza Sikudhani habari za theluji, maji yanayoanguka makavu, meupe, kimya. Alinisikiliza, mtoto wa Kondo mgongoni.

"Sheria ikisema nije, nitakuja," akasema. "Lakini nimekulilia, Sadala, mpaka nikamaliza. Nilikufukizia udi, nikagawa nguo zako. Leo ukisimama mbele yangu naona ule mzaha wako tu."

Laiti angenitukana! Usiku mzima niliyasikia maneno yale, na kulipokucha nikampa talaka mbele ya mwalimu. Kondo atamwoa upya siku zake zikitimia.

Basi mke wangu anakaa eda yangu ya pili. Mwamvua, jirani yake, ananiambia safari hii halii.