Baruti Iliyobaki

Orval Haugen aliinua kopo la baruti ya bastola, akaliona jepesi mno. Akalitikisa. Jana alipomaliza kujaza baruti kwenye maganda ya risasi za bastola, iliyobaki kwenye kipimio, chombo cha kuipimia, ilipaswa kurudi humu. Haikurudi. Simu ilikuwa imelia jikoni, akaenda kumsikiliza dada yake akilalamikia nyonga, na aliporudi mezani akamimina baruti ya bunduki juu ya ile ya bastola, akaanza kujaza risasi za binti yake, Tresa.

Akaliweka kopo chini.

Kosa hili hili alikuwa amelikemea maisha yake yote. Kwenye klabu ya wapiga shabaha walimwita Mchungaji, kwa jinsi alivyowahubiria wenzake kitabu cha vipimo: kopo moja tu mezani, kipimio kimwagwe kabla ya kubadili baruti, na ukiwa na shaka, fumua risasi zote. Baruti ya bastola huwaka upesi mno. Ikiingia kwenye ganda la risasi ya bunduki, chuma kinaweza kumpasukia mpigaji usoni. Na Tresa alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kuwinda, risasi hizo zikiwa mfukoni.

Kule milimani Montana simu hazishiki. Orval aliendesha pikapu juu ya barafu kama mwendawazimu, huku akijitukana kwa sauti. Kila alipodhani amesikia mlio wa bunduki, alikanyaga mafuta zaidi.

Alimkuta Tresa ukingoni mwa msitu anakowinda kila mwaka, amelala kifudifudi kwenye theluji, shavu limeegemea kitako cha bunduki. Ng'ambo ya bonde dume la elki, kulungu mkubwa wa milimani, lilisimama, ubavu wazi. Orval akakandamiza honi, hakuiachia.

Dume likatokomea mitini. Tresa akainuka, amewiva kwa hasira.

"Baba, una wazimu? Miaka yote hii naomba kibali cha kuwinda dume, leo nimelipata, unanipigia honi kama tuko harusini!"

"Umeshapiga hata moja?"

"Ningepiga saa ngapi? Si umelifukuza!"

"Toa kidole kwenye kifyatulio, mwanangu. Taratibu. Nimechanganya baruti."

Tresa akacheka. "Wewe? Mchungaji mzima?"

"Mimi."

Kicheko kikamkauka. Akaitazama bunduki mikononi mwake. "Ipi ndiyo mbovu?"

"Sijui. Kwa nje zote ni sawa."

Orval alitamani ardhi immeze. Lakini uso wa binti yake ulikuwa mbele yake, mzima, pua ikimchuruzika kwa baridi, na machozi yalimtoka asiweze kuyazuia. Tresa hakujua aangalie wapi.

Tresa alielekeza mtutu kando, akavuta komeo la bunduki polepole. Risasi ikaruka, ikazama kwenye theluji katikati yao. Wakasimama wakikitazama kile kitundu kidogo, na hakuna aliyeinama.