Fremu ya Buluu

Mahfudha alijivunia jambo moja: ukurasa wa chuo aliousimamia mtandaoni haukuwahi kupitwa na habari. Mwaka ule wa korona, Mji wa Kale ulipowekewa vizuizi na yeye akabaki kufanyia kazi nyumbani kwao Kibokoni, sifa hiyo ilimtia kichwa kikubwa. Mwanafunzi akishinda tuzo, mhadhiri akipandishwa cheo, picha yake ilitiwa kwenye fremu ya buluu na maneno machache chini, na jamaa zake wakatumiana kutwa nzima.

Asubuhi hiyo mkuu wake, Mutanu, alipiga simu huku sauti imemkauka kwa kilio.

"Dada, mhadhiri wetu Daktari Jamaldin ametutoka alfajiri, hospitalini. Wanafunzi wameshaanza kuandika mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Tuweke tanzia."

"Nyumbani kwao wameambiwa?"

"Ndugu yake, Khubaib, ameambiwa."

Hapo ndipo alipostahili kusimama. Mtoto wa Kibokoni anajua kwamba mama haambiwi kwa simu. Huendewa na watu wake, akakalishwa, mikono yake ikashikwa, ndipo aambiwe. Lakini Mahfudha aliuwaza uvumi, na zaidi aliwaza kupitwa. Akachukua picha ya marehemu akicheka, akaitia kwenye fremu ileile ya buluu, maana hakuna aliyewahi kutengeneza nyingine, akaituma.

Chai yake haijapoa, alitazama maoni. La kwanza kabisa lilisema: "Mashaallah mwanangu. Mungu akuzidishie." Lilitoka kwa Bi Ummukulthum, mamake Jamaldin, nyumba ya tatu kutoka kwao.

Aliifuta tanzia, akavaa buibui na barakoa, akatoka. Njiani alimpigia Khubaib. Maskini alikuwa amekwama kwenye kizuizi cha kuingilia mjini, anawabembeleza askari wamruhusu apite akampe mamake habari.

Bi Ummukulthum alikuwa barazani kwake, simu mkononi, uso umemchangamka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wahema? Ndoo, kaa kule mwisho, siku hizi hatukaribiani. Nimeona mumemtia tena Jamaldin. Miwani yangu imevundika, maneno madogo siyaoni. Amepata nini mara hii?"

Mahfudha alikaa mwisho wa baraza. Uongo ulimjia mdomoni, mwepesi na mtamu, akaumeza.

"Bibi, ile picha nimeifuta. Haikufaa kuwekwa, na nimekosa mimi. Khubaib yuaja akueleze."

"Khubaib? Na mji umefungwa?"

Alimtazama Mahfudha machoni, juu ya barakoa, kwa muda mrefu. Furaha ilimtoka usoni kidogo kidogo. Aliilaza simu kando yake, kioo chini.

"Inna lillahi," alisema taratibu. Kisha akauliza, "Wangapi wameiona?"

Mahfudha alitamani kusema hajui. "Mia tatu na kumi."

"Watu mia tatu," alisema Bi Ummukulthum, bila hasira yoyote, "wajua mwanangu amekufa, na mimi nipo katikati yao nampongeza."

Mikono yake ilikuwa mapajani, wazi, kama inayongoja kushikwa. Mahfudha aliitazama kutoka mwisho wa baraza, asithubutu kusogea, mpaka Khubaib alipofika.